Miaka minne natibiwa amiba, kumbe ni ugonjwa mwingine kabisa. Wenye matumbo yasiyoisha tukutane hapa

Konda_Mstaafu

Wakuu salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeona niandike. Habari yenyewe ni ya choo, kwa hiyo kama uko mezani malizia kwanza kula.

Nilikuwa konda wa basi la Dar–Mbeya. Mwaka 2016 nikaanza kuharisha. Sikujali, maana ukila vya njiani kila siku, tumbo kuchafuka ni sehemu ya kazi. Ila hili halikukoma. Mara tatu kwa siku, mara sita, kisha makamasi, kisha damu. Na si damu ya kudondokea juu kama ya bawasiri, hii imechanganyika humo humo. Halafu kuna kukimbizwa. Tumbo likisema sasa, ni sasa, huna dakika mbili. Unafika chooni unatoa kijiko kimoja cha damu na kamasi, unanyanyuka, kabla hujashika komeo la mlango unarudi kuchuchumaa.

Sasa hayo yakukute ndani ya basi limejaa. Dereva alikuwa mtu mzima, tukakubaliana ishara: nikigonga bomba la kiti kwa sarafu mara tatu, atafute kichaka. Nikitangaza "dakika tano, wa kuchimba dawa!" abiria wanashukuru, wanadhani tunawajali. Kumbe mwenye shida ni mtangazaji.

Siku moja tuko kwenye kona za Kitonga, lori limelala mbele, foleni haisogei. Upande huu mlima, upande huu korongo. Niligonga ile sarafu mpaka dereva akageuka kunitazama kwa huruma tu, hana la kufanya. Mama mmoja wa kiti cha nyuma yangu alivua kitenge chake cha juu akanipa, hakuuliza kitu, na tulipofika Iringa hakukidai. Hiyo ndiyo ikawa safari yangu ya mwisho.

Matibabu sasa. Kila zahanati ni kipimo cha choo, jibu "amiba wapo", shika Flagyl. Nilizihesabu baadaye kwenye madaftari: dozi kumi na nne ndani ya miaka minne. Mdomo ukawa na ladha ya chuma muda wote. Kilichonipoteza ni kwamba kuna wakati nilipata nafuu wiki mbili tatu, nikaamini dawa imefanya kazi. Kumbe huu ugonjwa una tabia ya kulala na kuamka wenyewe, na dawa yoyote uliyokuwa unakunywa wakati unalala ndiyo inayopewa sifa.

Nikaambiwa bawasiri, nikapakwa dawa. Nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilipokonda kutoka kilo 71 hadi 52 mtaa ukatoa hukumu yake. Nimepima virusi mara tatu, mara zote salama, lakini mtaa haukati rufaa. Shangazi akaleta shubiri. Jamani, shubiri ni dawa ya kufungua choo! Mtu anayeharisha damu unampa shubiri. Usiku ule nilizimia bafuni.

Aliyenitoa gizani ni daktari kijana wa hospitali ya mkoa, 2020. Hakuniandikia kipimo cha choo kwanza. Aliniuliza: "Usiku unaamshwa na tumbo?" Ndiyo. "Magoti?" Yanauma. "Macho yamewahi kuwa mekundu na kuuma ukitazama mwanga?" Nikashtuka, kajuaje? Akaniambia utumbo wenye hasira za ndani, zisizotokana na kijidudu, mara nyingi unaonekana mpaka kwenye viungo, macho na ngozi. Akaniandikia kolonoskopi, ile kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, na kukatwa vinyama vidogo vya kupimwa maabara. Pikipiki ya kaka ikauzwa. Jibu: kolaitisi ya vidonda.

Maana yake kinga ya mwili imeukosea utumbo mpana, inaushambulia kama adui. Hauambukizi. Haukusababishwa na pilipili wala mawazo. Kurithi kumo kidogo, bakteria wa tumboni wamo, mazingira yamo, lakini hakuna wa kukuambia hasa wewe umeupatia wapi. Na hauponi. Unalazwa usingizi, ukijitahidi unalala miaka.

Nitaendelea na dawa. Karibuni maswali.

Kijiko_cha_Chai

Pole mkuu lakini mmetekwa na wazungu. Hicho ni chango tu. Mlonge, tangawizi, asali mbichi asubuhi, siku 21 umemaliza. Nimewatibu wengi.

Konda_Mstaafu

Mkuu Kijiko, asali naipenda na mlonge ninao uani. Nilifanya siku 21, nikafanya 40. Hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 6 nilipofika hospitali. Tusibishane, wewe tia chai yako.

Ila umenikumbusha jambo. Sisi kwa Kiswahili "vidonda vya tumbo" tayari ina mwenyewe: vile vya juu, kwenye mfuko wa chakula. Ukimwambia mtu una vidonda kwenye utumbo mpana anakushauri maziwa na juisi ya kabichi. Mimi siku hizi nasema "utumbo wangu unawaka". Wananielewa haraka.

Nesi_wa_Usiku

Nimeingia zamuni, nimesoma yote. Niwatetee kidogo wenzangu wa zahanati. Huku kwetu amiba yupo kweli, kuhara damu kwa bakteria kupo, kichocho cha utumbo kipo, TB ya utumbo ipo. Kuanza na hayo si kosa. Kosa ni kutoa dawa ile ile mara ya tatu, ya nne, bila mtu kujiuliza mbona haisikii.

Tena kuna hili: kwenye darubini yupo amiba asiye na madhara ambaye kwa umbo ni pacha wa yule mbaya. Na choo chenye uvimbe kinajaa chembe nyeupe za damu, macho yaliyochoka yanaweza kuziita amiba. Kwa hiyo "amiba wapo" isiwe mwisho wa mazungumzo.

Kipimo cha kalprotektini kwenye choo kinasaidia kujua kama utumbo una uvimbe au ni tumbo la mvurugiko tu lisilo na jeraha. Ila maambukizi nayo yanakipandisha, kwa hiyo hakimalizi kesi. Kamera na vinyama ndivyo vinavyomaliza.

Sasa ninalotaka mlishike. PREDNISOLONI, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe na kushusha kinga. Ni rahisi, ipo kila duka la dawa, na inaleta nafuu ya ajabu ndani ya siku chache. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukiinywa una amiba wa kweli, unaweza kutoboka utumbo. Ukiinywa una TB iliyolala, unaiamsha. Ukiwa na wale minyoo wanaoingilia nyayo za miguu, aina ya strongiloidi, wanaweza kuzaliana mwili mzima. Na ukiizoea miezi na miezi halafu ukaikata ghafla, mwili wako umeshasahau kutengeneza ya kwake, unaanguka. Msijinunulie. Nimepokea waliojinunulia.

Mama_Wawili

Kaka Konda na sista Nesi, nimesoma nikiwa nalia. Mdogo wangu ana miaka 19, yuko chuo. Miezi mitatu anatoa damu, kameza Flagyl mara tatu. Kila kitu alichoandika Konda anacho, hata kuamka usiku. Anaona aibu, anasema bora afe kuliko kamera. Tufanyeje?

Nesi_wa_Usiku

Dada, kwanza hali yake sasa. Anaenda mara ngapi kwa siku? Kama ni sita au zaidi zenye damu, NA mapigo ya moyo yanazidi 90 kwa dakika akiwa ametulia, au joto linazidi 37.8, au damu imepungua sana, usisubiri kliniki. Mpeleke leo hii, alazwe. Tumbo likivimba na kuwa gumu, hivyo hivyo. Na msimpe vidonge vya kuzuia kuharisha, utumbo uliovimba vibaya ukiuzuia unaweza kutanuka mpaka upasuke.

Mama_Wawili

Mara nne hadi tano. Homa hana. Anatembea.

Nesi_wa_Usiku

Basi mna muda wa kujipanga, ila si mwezi. Ombeni rufaa kwenye hospitali yenye kamera. Waambie neno hili: "damu miezi mitatu, dozi tatu hazijasaidia, anaamka usiku." Usiseme "tumbo linauma" tu, watakupa Flagyl ya nne.

Konda_Mstaafu

Mwambie mdogo wetu kamera si lolote. Nilichomwa dawa ya usingizi nikaamka naulizwa kama nimekula. Kazi iko siku moja kabla, kunywa yale maji ya kusafisha. Hiyo nayo si maumivu, ni kero tu.

Kisauni_Pwani

Assalaam aleikum. Mimi niko Mombasa. Yangu ni nduguye huyo wa Konda, ugonjwa wa Crohn. Tofauti ni kuwa kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana pekee, huanzia chini kabisa ikapanda, na hula ngozi ya ndani tu. Crohn hukaa popote, mdomoni hadi chini, huruka pahala huacha pahala, tena hutoboa ukuta mzima.

Mimi ulianza kwa jipu karibu na njia ya haja kubwa. Likapasuliwa, likarudi. Likapasuliwa tena, likarudi. Mara ya tatu daktari mpasuaji akasema hili si jipu, hii ni njia iliyotoboka kutoka ndani. Wakanipiga picha, wakakuta pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana pamevimba. Ikasemwa TB, nikala dawa za TB miezi sita. Wapi! Vinyama vilipokatwa mara ya pili ndipo ikajulikana.

Sikumlaumu mtu. Pale pahala ndipo TB pia hupapenda. Hata yule Burrill Crohn na wenziwe wawili walipouandika ugonjwa huu New York mwaka 1932 ilibidi waeleze kwa nini si TB.

Sigara niliiacha siku hiyo hiyo, maana kwa Crohn sigara ni petroli kwenye moto.

Swali langu kwa wenzangu Waislamu: Ramadhani mwafanyaje? Mimi daktari kanambia ugonjwa ukiwa macho, au nikiwa kwenye prednisoloni, nisifunge, nilipe baadaye. Ukilala hufunga, ila daku nakunywa maji mengi, na futari sianzi na viazi vya karai, naanza na uji.

Konda_Mstaafu

Karibu ndugu yangu. Sasa niendelee na dawa kama nilivyoahidi. Hizi ni zangu, zako utapangiwa.

Nilianzishwa prednisoloni miligramu 40, kila wiki napunguza 5, wiki nane imeisha. Wiki ya kwanza tu damu ilikauka, nikalia kwa furaha. Silali, njaa muda wote, mashavu yakajaa kama nina puto mdomoni. Mtaani wakasema "maisha yamemkubali". Wale wale walionihukumu!

Pamoja nayo mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, vidonge vya kumeza, na vingine vya kuweka njia ya chini. Wanaume wenzangu najua mnakunja uso. Ugonjwa wangu ulianzia chini kabisa, na dawa inayowekwa pale pale inafanya kazi kuliko kumeza peke yake. Unaweka usiku ukilala, basi. Nani anakuona?

Mesalazini ikakosekana miezi miwili. Nikahamishiwa salfasalazini, ndugu yake wa zamani, bei nafuu na inapatikana kirahisi kwa sababu wagonjwa wa maumivu ya viungo wanaitumia pia. Mkojo unakuwa wa machungwa, usiogope. Unapewa na vidonge vya foliki asidi. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiiguse. Na mnaotafuta mtoto: inapunguza mbegu za kiume, ukiiacha zinarudi. Mimi niligundua baada ya mwaka mzima wa kumlaumu mke wangu kimoyomoyo. Nimeshamwomba radhi.

Halafu ujinga wangu. 2022 nilikuwa mzima kabisa, mwaka na nusu bila tone la damu. Nikajiuliza, nanunua dawa ya nini kwa ugonjwa ambao haupo? Nikaacha. Mwezi wa tatu jino likauma, nikanunua diklofenaki, nikameza siku tano. Siku ya sita, damu. Nililazwa siku kumi na moja, nikaongezwa chupa mbili za damu. Daktari akaniambia dawa hizi za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni na wenzake, zinaweza kuuamsha. Sasa jino likiuma nameza parasetamoli na kwenda kung'oa.

Dereva_Tunduma

Aisee Konda, bati lako nimeligonga sana, huenda tumepishana Makambako. Mimi niko kwenye azathioprini, dawa ya kushusha kinga, kidonge kimoja na nusu kwa siku. Walinionya itachukua miezi mitatu kuonyesha kazi na kweli, mwezi wa kwanza niliona naibiwa. Kila baada ya muda napima damu na ini.

Shida yangu, napeleka mzigo Lubumbashi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano imepotea, mpakani wanataka nichanjwe upya. Nichanje?

Nesi_wa_Usiku

USICHANJE bila kuongea na daktari wako! Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na wewe kinga yako imeshushwa kwa makusudi. Kama ulishachanjwa zamani, chanjo moja sasa inatambulika kwa maisha yote, fuatilia kituo ulichochanjwa wakutolee kadi nyingine. Kama hujawahi, daktari anaweza kukuandikia cheti cha kusamehewa chanjo, ila upime pia kama safari yenyewe ina lazima. Manjano halisi haisomi cheti.

Wengine wote mnaokaribia kuanzishiwa dawa hizi: malizeni chanjo zenu KABLA.

Mbeba_Maboksi

Salaam toka Sweden, baridi huku si mchezo. Mimi ni Crohn, niko kwenye infliksimabu. Natundikiwa dripu, ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya sita, kisha kila wiki nane. Hii ni dawa inayoziba ujumbe mmoja wa kinga unaochochea uvimbe. Kabla sijaanza walinipima TB kuliko mtu yeyote kwenye wodi, waliposikia tu nimezaliwa Tabora. Walikuwa sahihi, dawa hii inaiamsha TB iliyolala. Walinikuta nayo, nikala kwanza dawa za kuizuia.

Na hiyo salfasalazini ya Konda ni ya huku huku, ya daktari mama mmoja, Nanna Svartz. Alikuwa anatafuta dawa ya baridi yabisi, wagonjwa wa matumbo wakapata nafuu.

Nikiri kitu. Huku silipi hata robo ya bei yake. Nikisoma mtu anauza pikipiki ya kaka yake apate kipimo, najisikia vibaya kulalamika kuhusu baridi.

Shetani_Mwekundu_07

Mimi tumbo langu zima, nimeingia kuchungulia. Ila hii si ndiyo iliyompata Darren Fletcher? Desemba 2011 Manchester United wakatangaza anapumzika, sisi kijiweni tukasema kachoka. Januari 2013 akafanyiwa upasuaji, Desemba mwaka huo akarudi uwanjani. Baadaye West Brom wakampa unahodha.

Konda_Mstaafu

Ndiye. Alicheza muda akiuficha, anakimbilia chooni wenzake hawajui. Nilipoisoma habari yake nikasema huyu naye alikuwa na sarafu yake.

Upasuaji nao tuutaje, watu wanauogopa kuusema. Kolaitisi ya vidonda dawa zikishindwa, utumbo mpana unaweza kutolewa wote. Unavaa mfuko tumboni, wengine baadaye wanatengenezewa kifuko cha ndani. Kwa Crohn unaweza kukatwa kipande na ugonjwa ukarudi pengine. Bado sijafika huko. Ila mwaka jana, nikiwa nimeshapita miaka minane tangu dalili zianze, nilirudishwa kwenye kamera nikiwa mzima kabisa, kuangalia kama kuna dalili za saratani. Safi. Nitarudi tena nikipangiwa.

Kijiko_cha_Chai

Na chakula je? Hapo hospitali hawana jibu.

Konda_Mstaafu

Swali zuri Kijiko, kweli kabisa hakuna chakula kimoja cha wote. Mimi ugonjwa ukiamka: uji laini, wali uliopikwa ukalainika, ndizi mbivu, samaki wa kuchemsha, viazi. Naacha dona, mahindi ya kuchoma, maharage na ganda lake, matembele. Ukilala narudi kwenye dona na mboga zote, hata pilipili kidogo. Maziwa mabichi yananisumbua, mtindi haunisumbui. Nilikuwa na daftari miezi miwili, naandika nilichokula na kilichonipata. Muhimu usijinyime mpaka ukaisha, mimi kilo nyingi nilizipoteza kwa woga wa kula.

Mama_Wawili

Nimerudi baada ya wiki tatu. Rufaa tulipata, kamera ni kesho saa mbili asubuhi. Karatasi inasema leo vimiminika vyepesi tu. Nimemtengenezea juisi ya rozela jagi zima, sawa?

Nesi_wa_Usiku

Rozela HAPANA! Chochote chekundu au zambarau kikibaki ukutani kamera inaweza kukiona kama damu. Maji, chai ya rangi, maji ya dafu, supu iliyochujwa isibaki hata uzi wa nyama.

Mama_Wawili

Haya, rozela tunakunywa sisi. Kabakiza lita moja ya yale maji. Ameingia chooni mara ya nane. Anasema nimuulize Konda inakuwaje akijua amesafika, na anakutukana.

Konda_Mstaafu

Mwambie matusi nimepokea. Avumilie hiyo lita. Ikianza kutoka maji ya njano kama mkojo, unaona mpaka chini, hapo ndiyo tayari. Na aweke kitenge kwenye mkoba wa kesho, njiani huwezi jua.